Yaliyokupata Bado si Tamthilia

Miswada mingi ya waandishi wanaoanza ina mhusika mmoja ninayemtambua ukurasa wa pili tu: ni mwandishi mwenyewe. Ameonewa na baba, amesalitiwa na mchumba, amefukuzwa kazi, na katika kila onyesho yeye ndiye mwenye haki. Wenzake wanaingia, wanamkosea, wanatoka. Ukimwambia mwandishi kwamba onyesho la tatu halisimami, jibu analo: "Lakini ndivyo ilivyotokea." Jukwaani jibu hilo halifui dafu. Mtazamaji hakuwepo na hana deni la kukuhurumia. Anataka kujua nani anataka nini, nani anamzuia, na nini kitatokea sasa hivi, mbele ya macho yake.

Kwa hiyo anza kwa kuamua kipi kibaki na kipi kibadilike. Mimi nashauri ubakize hofu na tamaa za watu. Mengine yote uwe tayari kuyageuza.

Tazama alichofanya Lorraine Hansberry, mwandishi wa tamthilia Mmarekani mweusi. Mwaka 1937, Lorraine akiwa mtoto mdogo, baba yake aliihamishia familia kwenye mtaa wa Wazungu mjini Chicago. Watu walikusanyika nje kwa hasira, kitu kizito kikarushwa dirishani, na mgogoro wa nyumba ile ukafika hadi Mahakama Kuu ya Marekani mwaka 1940. Mwingine angeandika kesi: mawakili, majaji, hukumu. Tamthilia yake, A Raisin in the Sun, iliyoonyeshwa Broadway, kwenye kumbi kubwa za New York, mwaka 1959, haina mahakama hata kidogo. Tena baba yake alikuwa mfanyabiashara wa majumba, mtu mwenye uwezo. Familia ya kwenye tamthilia imebanana katika vyumba chakavu, baba ameshafariki, na wote wanasubiri hundi ya bima ya dola 10,000, kila mmoja na mpango wake. Hapo ndipo ninapouona ufundi. Mahakamani anayeamua ni jaji, familia inabaki kungoja. Sebuleni wanaamua wenyewe, na wanaumizana wakiwa katika kuamua. Kilichosalia kutoka utotoni ni swali moja: twende tukaishi kwa watu wasiotutaka, au tusiende?

Eugene O'Neill, mwandishi mwingine wa tamthilia wa Marekani, naye hutajwa sana kama mtu aliyeyamwaga maisha yake kwenye karatasi jinsi yalivyo. Mwaka 1939 alianza kuandika Long Day's Journey into Night, kuhusu nyumba yao ya mwaka 1912: baba mwigizaji, mama aliyenaswa na mofini, kaka mlevi, na yeye mwenyewe mgonjwa wa kifua kikuu. Lakini chungulia alivyokata. Mateso ya miaka mingi ameyabana yakawa siku moja, asubuhi hadi usiku wa manane. Kufikia mwaka 1912 alikuwa ameshaoa na kupata mtoto. Kwenye tamthilia hawamo, na nadhani ni kwa sababu wangempa yule kijana mlango wa kutokea. Halafu majina. Kaka yake aliyefariki akiwa mchanga aliitwa Edmund. Kwenye tamthilia marehemu mchanga anaitwa Eugene, na aliye hai ndiye Edmund. Yaani amejizika mwenyewe ili aweze kuandika.

Angalia pia muda uliopita kati ya mwaka 1912 na 1939. Sisemi usubiri hivyo, wengine hatutafika. Ila kipimo ninachokiamini ni hiki: kama bado huwezi kumpa mtu aliyekuumiza hoja ambayo wewe mwenyewe huna jibu lake, ni mapema. Andika madokezo, funga daftari.

Na madokezo yenyewe yasiwe ya "nilihuzunika sana". Huzuni utaikumbuka tu. Utakachosahau ni kwamba mjomba alikuwa akikunja risiti ile ile mara kwa mara alipokuwa akidanganya. Andika mikono ilifanya nini, nani alibadilisha mazungumzo, swali gani halikujibiwa. August Wilson, naye mwandishi wa tamthilia wa Marekani, alikuwa akikaa kwenye mikahawa akisikiliza watu wakiongea, akiandika hata kwenye karatasi za kufutia mikono.

Chukua ndugu wawili wanaogawana nguo za baba yao. Dada ndiye aliyemuuguza, kaka alikuwa mbali. Mswada wa kwanza huwa hivi: "Nina hasira kwa sababu uliniachia baba peke yangu." Ni kweli tupu, na mwigizaji hana cha kufanya nayo. Sasa jaribu hivi:

"Chukua shati hili."

"Litanipwaya. Baba alikuwa na mwili."

"Lijaribu."

(Analivaa. Linambana, vifungo havifiki.)

"Tulimnunulia mwezi wa mwisho."

Hakuna aliyetamka lawama. Mtazamaji ameshapiga hesabu mwenyewe nani alikuwepo na nani hakuwepo, na kaka amesimama pale ndani ya shati asilojua alivue vipi.

Suala la siri za watu wengine waandishi wanaoanza hulichukulia kijuujuu: wanabadilisha jina, basi. Kinachomfichua mtu ni tukio. Laura Kieler, mwandishi aliyefahamiana na Henrik Ibsen, mtunzi wa tamthilia wa Norwe, alikopa kwa siri ili mumewe mgonjwa apelekwe Italia kupata nafuu, na deni lilipombana akaghushi. Mume alipojua, Laura aliishia hospitali ya wagonjwa wa akili, mbali na wanawe. Mwaka 1879, katika tamthilia ya A Doll's House, Ibsen akamleta jukwaani Nora, mwenye mkopo wa siri na saini ya kughushi. Jina la Laura halimo, lakini watu walimtambua, na kuitwa Nora kulimuuma miaka mingi. Geuza kazi, umri, jinsia, hata aina ya siri, mpaka mwenyewe akikaa ukumbini asigeukiwe na jirani yake. Usitegemee kufungia mswada sandukuni: O'Neill aliagiza tamthilia yake isichapishwe hadi miaka 25 baada ya kifo chake, alifariki mwaka 1953, mjane wake akairuhusu, na mwaka 1956 ikawa jukwaani Stockholm.

Mkifika mazoezini, usiwaambie waigizaji nani ni nani. Anayejua kwamba anamcheza mama yako ataanza kukutazama wewe usoni badala ya kumtazama mwenzake. Mwache akuulize tu huyu mama anataka nini anaposimama pale mlangoni. Jibu liwe ndani ya mswada. Kama halimo, una kazi ya usiku huo.