Picha inagoma kupanda

SWALI: Anko, naomba kazi mtandaoni, picha yangu ya pasipoti ina MB 4 na fomu inataka isizidi KB 200, nikaipiga skrinishoti ikatoka na ukungu, nifanyeje?

JIBU: Skrinishoti achana nayo mdogo wangu. Fungua squoosh.app kwenye brauza, ni bure, haitaki ujisajili, na picha inapunguzwa humohumo kwenye simu yako haiendi kwa seva ya mtu, hapo ndo nimeipendea. Anza na vipimo, upana piseli 600 hivi unatosha, urefu uache ujipange wenyewe usije ukatoka na uso kama embe dodo, halafu chagua MozJPEG (njia ya kubana picha iwe faili dogo la JPG), ubora weka 75, ucheki KB zinavyoshuka. Orijino usifute, ukiikuza tena ile ndogo hairudi ilivyokuwa.