Karatasi ya rangi na meno yasiyokutana

Dada yangu wa Wete, umeuliza kwa nini daktari alimtia mwanao karatasi ya rangi mdomoni na kumwambia asogeze taya kushoto na kulia, ilhali tatizo lake ni meno ya mbele kutokutana. Taya linapokwenda upande, kwa kawaida meno ya chonge huyatenganisha magego yasikwaruzane. Meno ya chonge ya juu na ya chini yasipogusana, magego huenda yakaendelea kusagana, na alama za rangi huonyesha mahali hasa. Karatasi, hata hivyo, haipimi ukubwa wa nafasi kati ya meno ya mbele: hiyo hupimwa kwa milimita, hata kwa rula ndogo mdomoni. Ili kuchunguza kwa undani jinsi meno yanavyogusana, sanamu za plasta za meno hufungwa kwenye kifaa kinachoiga mwendo wa taya. Mimi nisingekubali gego lichongwe kabla ya hapo, maana enameli, tabaka gumu la nje la jino, haioti tena. Kifaa kisipopatikana Pemba, omba rufaa ya Unguja.