Uchumi wetu ulikufa, au ulikwama tu?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mfasiri wa kujitegemea, nipo Morogoro. Nimepewa kijitabu cha mafunzo kwa vikundi vya akina mama wenye biashara ndogondogo. Kichwa chake nimekifasiri hivi: “Mabadiliko ya Kidijitali kwa Ajili ya Kufufua Uchumi katika Nchi Zinazoendelea Baada ya Janga.” Mhariri wa kwanza amefuta “mabadiliko” akaweka “mapinduzi”. Wa pili amefuta “mapinduzi” akaweka “mageuzi”. Wa tatu hana shida na hayo, ila anataka “kidijiti” badala ya “kidijitali”. Kazi inatakiwa Ijumaa. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wahariri wako wamegombania mwanzo wa kichwa, mwisho wake wakauacha jinsi ulivyo, na ugonjwa uko huko mwisho. Kisome kwa sauti: “nchi zinazoendelea baada ya janga.” Nilipokisoma mara ya kwanza nilielewa kwamba kuna nchi zilizosimama wakati wa janga, na kuna nyingine, hongera zao, zinaendelea.

Kosa hili linatokana na kusahau kwamba “zinazoendelea” bado ni kitenzi. Sisi tunaoshinda na nyaraka za mikutano tumelizoea kama jina la kundi la nchi, lakini sikio la msikilizaji wa kawaida halina mazoea hayo. Kuendelea kwake ni kutokoma: mvua inaendelea, kikao kinaendelea, mgonjwa anaendeleaje? Ukiliwekea “baada ya janga” mgongoni, maneno hayo yanashikamana na kitenzi kilicho jirani, hayarudi nyuma kukitafuta “kufufua” kilichobaki mbali. Kwa hiyo kabla hujachagua neno lolote, ng’oa “baada ya janga” pale mwisho ulipeleke mbele. Na ujiulize kama hao akina mama wanahitaji kuambiwa wako katika nchi ya kundi gani. Nadhani wanajua wanapoishi.

Na janga lipi? Mafuriko ni janga, njaa ni janga, moto wa soko ni janga. Litaje. Katika maandishi rasmi ya Tanzania jina lake ni UVIKO-19, yaani ugonjwa wa virusi vya korona, na mwaka ule ulipojulikana. Neno hili limepata maisha ya ajabu kidogo. Mwaka 2021 serikali ilipokea mkopo wa takriban shilingi trilioni 1.3 kutoka Shirika la Fedha la Kimataifa, sehemu yake ikajenga vyumba vya madarasa nchi nzima, na hadi leo utasikia mzazi akisema mwanawe anasoma kwenye “madarasa ya UVIKO”. Ugonjwa umegeuka kuwa jengo. Lakini muulize muuza nyanya ni nini kilimfungia biashara mwaka 2020, atakwambia korona. Hata Wakenya, ambao UVIKO hawakuupokea kwa mikono miwili, wanasema korona. Katika kijitabu cha sokoni, andika korona.

Sasa “kufufua”, ambalo hakuna mhariri aliyeligusa, na mimi ndilo lililoninyima usingizi. Kufufua ni kukirudishia uhai kilichokufa. Tunalitumia vizuri sana tunaposema kufufua kiwanda kilichofungwa mashine zikaota kutu, au kufufua reli iliyomezwa na majani. Hata utalii wa Zanzibar katika miezi ile ya 2020, ndege za kimataifa zilipokoma na hoteli zikafunga milango, unaweza kuusemea “kufufua” na hakuna atakayekushangaa. Uchumi mzima je? Uchumi wa Kenya mwaka 2020 ulisinyaa kwa takriban asilimia 0.3, kisha mwaka uliofuata ukapanda kwa zaidi ya asilimia 7. Wa Tanzania, kwa takwimu za serikali, haukusinyaa kabisa. Kasi yake ndiyo iliyopungua. Huyo si maiti. Ni gari lililozama magurudumu kwenye tope huku injini inanguruma.

Na Kiswahili kina kitenzi cha gari hilo: kukwamua. Kimejengwa kwa kiambishi kinachotendua, kile kile kinachofanya ziba iwe zibua na kunja iwe kunjua. Kilichokwama kinakwamuliwa. Akina mama wa vikundi wanalijua neno hili kuliko wewe na mimi, kwa sababu “kujikwamua kiuchumi” limo katika katiba za vikundi vyao, limo katika hotuba za kila mgeni rasmi anayewafungulia semina, na limo katika fomu za mikopo. Lina uzuri mwingine: linapokea “ji”. Mtu anajikwamua. Kujifufua sijawahi kusikia, na ningesikia ningekimbia.

Ukiwa unaandika ripoti ya takwimu, hapo ningekushauri “ahueni”: uchumi umepata ahueni. Ni neno la mgonjwa anayeanza kuomba uji. “Urejeshaji wa uchumi” usilitie mkono. Linamfanya msomaji aulize unarejeshwa kwa nani, kana kwamba uliazimwa.

Turudi kwenye ugomvi wenyewe. “Mabadiliko” linatokana na kubadilika, na kubadilika kunaweza kutokea kwenyewe: hali ya hewa inabadilika, sauti ya kijana inabadilika, hakuna wa kuulizwa. “Mageuzi” lina ndani yake mtu anayegeuza na kitu kinachogeuzwa. Lingekuwa jambo linalojiendea lenyewe tungesema mageuko, na ndivyo wanavyosema baadhi ya walimu wa baiolojia. Najua utanijibu kwamba mabadiliko ya sheria hufanywa na Bunge, hayajifanyi. Kweli kabisa; sikupi kanuni ya chuma, nakuonyesha neno linaegemea wapi. Ofisi inapoandika kwamba “kutokana na mabadiliko ya kidijitali, dirisha la malipo limefungwa”, sentensi hiyo haina mwenyewe. Hakuna aliyelifunga. Limebadilika tu, kama mawingu.

“Mapinduzi” nalo si kosa. Tumesema mapinduzi ya viwanda na mapinduzi ya kijani bila mtu kukamatwa. Lakini kwa Mtanzania neno hilo lina 12 Januari 1964 ndani yake, na tangu 1977 lina chama ndani yake, na kwenye taarifa ya habari lina wanajeshi ndani yake. Kuwafundisha watu kupokea malipo kwa simu hakuhitaji mzigo huo wote. “Mageuzi” pia lilikuwa na siasa zake, miaka ya mwanzo ya vyama vingi, wakati kumwita mtu mwanamageuzi kulikuwa kumtaja upande. Chama cha NCCR-Mageuzi bado kinalibeba jinani. Hata hivyo joto lile limepoa, na neno limerudi kazini. Mhariri wa pili ameshinda, ingawa kwa pointi chache.

Kuhusu “kidijiti”: ukifuata mantiki, mhariri wa tatu ana hoja. Dijiti ni nomino, na “ki” yetu hupenda kukaa mbele ya nomino au jina la watu na mahali: kitaifa, kitoto, kizungu, kipwani. “Dijitali” tumeipokea ikiwa tayari kivumishi huko ilikotoka, tukaivika “ki” juu ya vazi jingine. Waarabu walienda njia yao, wakaitaja dijitali kwa neno la raqamu, na sisi ambao tunayo “tarakimu” kutoka shina hilo hilo tungeweza kusema “kitarakimu”. Kenya walijaribu jambo la karibu na hilo walipoiita kompyuta “tarakilishi”, na vitabu vyao vya shule vinaitumia. Bara huku neno hilo halikuota mizizi.

Lakini lugha haisubiri mantiki. Watanzania wengi walikutana na neno dijitali usiku wa 31 Desemba 2012, pale matangazo ya televisheni ya analojia yalipozimwa Dar es Salaam na picha ikapotea kwenye luninga za watu wasio na king’amuzi. (King’amuzi! Kutoka kung’amua. Aliyelipa jina dubwana lile alistahili zawadi.) Mwaka 2013 Wakenya wakaingia kwenye uchaguzi huku kambi moja ikijiita dijitali na wapinzani wao wakiitwa analojia. Tangu hapo dijitali ni mtu wa kisasa, ni mtoto mjanja, ni baba anayejua kutuma picha. Neno lililopata vicheko vyake halirudishwi kamusini likafanyiwe marekebisho. Andika “kidijitali”, na mhariri wa tatu umnunulie chai.

Ningeweza kuishia hapo kama kijitabu chako kingekuwa cha makatibu wakuu. Ni cha akina mama wa sokoni, kwa hiyo nina jambo moja zaidi. Miaka michache iliyopita nilialikwa kwenye warsha moja jijini nikae pembeni nisikilize lugha. Mtoa mada alisema “mageuzi ya kidijitali” mara nyingi, kwa Kiswahili safi kabisa. Mwisho mama mmoja muuza samaki akanyoosha mkono: “Samahani baba, hayo mageuzi ndiyo ile tozo?”

Watu walicheka, naye hakuwa anatania. Tarehe 15 Julai 2021 tozo ya miamala ya simu ilianza kukatwa, kati ya shilingi 10 na 10,000 kwa muamala kulingana na kiasi, na Septemba ikapunguzwa kwa asilimia 30 baada ya malalamiko. Huo ndio ulikuwa mguso wake mkubwa wa kwanza na sera ya uchumi wa kidijitali. Tena angalia alivyo makini na msamiati. Hakusema kodi wala ada. Sokoni fedha inayochukuliwa na kampuni ya simu huitwa makato, inayochukuliwa na serikali ikaitwa tozo, na maneno hayo hayachanganywi. Kutoza ni kumfanya mtu atoe. Kukata ni kukata.

Tozo ile ilipewa pia jina la heshima, tozo ya mshikamano. Miezi kumi na mitano kabla yake, Aprili 2020, serikali ya Togo ilianzisha mpango wa kuwatumia pesa kwa simu watu wa kazi zisizo rasmi waliozuiwa kutoka: wanawake faranga 12,250 kwa mwezi, wanaume 10,500. Mpango uliitwa Novissi, neno la Kiewe, na maana yake ni mshikamano. Neno lile lile. La Togo liliingiza pesa kwenye simu, la kwetu likazitoa. Mfasiri makini hawezi kulibeba “mshikamano” kutoka waraka mmoja hadi mwingine bila kuuliza limelala upande gani wa salio.

Na msamiati wa watu katika eneo hili ni tajiri kuliko wa warsha zetu. Nani kati yetu wasomi angetunga “tuma na ya kutolea”? Maneno matatu na kiunganishi, na ndani yake mna ada ya wakala, mna adabu ya mtumaji, mna kisarufi kile kiambishi cha kutendea kinachotuambia pesa hiyo ni chombo cha kutolea nyingine. Kenya, Machi 2020, siku chache baada ya mgonjwa wao wa kwanza, ada ya kutuma hadi shilingi 1,000 kwa M-Pesa iliondolewa, na Benki Kuu ikapandisha kikomo cha muamala mmoja kutoka shilingi 70,000 hadi 150,000 ili watu wapunguze kupokezana noti. Kwa mchuuzi habari yote hiyo ilikuwa ni “kutuma ni bure”. Baadaye, Juni 2023, serikali yao ilipozindua programu ya huduma za umma kwenye simu, iliiita Gava Mkononi, kwa Sheng’, lugha ya mitaani ya vijana wao, ambamo gava ni serikali. Sisi tuna Serikali Mtandao, jina lenye sheria yake ya mwaka 2019. La kwetu limenyooka zaidi kisarufi. La kwao unaliona mkononi.

Usidhani nakuambia maneno mapya hayapokelewi. Kishikwambi, yaani tableti, kilichekwa kama kichekesho cha wanalugha, mpaka 23 Agosti 2022 makarani wa sensa walipobisha hodi nacho mlangoni. Baada ya sensa vikagawiwa walimu, na sasa kichekesho kimekwisha. Neno lilifuata kitu.

Kwa hiyo tengeneza vichwa viwili. Kwenye ukurasa wa ndani, ule utakaosomwa na waliotoa fedha, andika: “Baada ya UVIKO-19: Mageuzi ya Kidijitali ya Kuukwamua Uchumi.” Kwenye jalada, ambalo mama ataliona akiwa ameshika kisu cha samaki kwa mkono mwingine, andika: “Uza na Ulipwe kwa Simu: Tujikwamue Baada ya Korona.” Na ile sura ya nne uliyoniambatishia, inayozungumzia “gharama za uchakataji wa miamala ya kidijitali”, ifute kichwa chake chote. Iite “Makato, Tozo na ya Kutolea”, halafu uone kama kuna atakayeiruka.