Roma Hulipisha Kikao, Hailipishi Mwendo

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia hivi: "Dada, nimealikwa kwenye mkutano Roma, nami ningependa kubaki siku tatu zaidi kwa fedha zangu. Nikishalipia malazi nitabakiwa na euro 150. Zitatosha?" Nilicheka peke yangu, kwa sababu mimi, baada ya mafunzo ya kazi, nilibaki huko siku tatu nikiwa na euro 120 tu, na karibu theluthi yake iliniponyoka siku ya kwanza, kabla jua halijachwa.

Nilikuwa nimetembea kutwa, nikafika Piazza Navona nikiwa hoi, na mhudumu mmoja akanivutia kiti kwa heshima kubwa mno hata nikaona haya kukataa. Niliagiza sahani moja ya tambi. Mkate ulikuja bila kuitwa, nikaumega. Chupa ya maji ikafunguliwa mbele yangu kabla sijauliza bei. Hesabu ilipoletwa ilikuwa euro 38, humo mkiwamo mkate, maji na kitu kilichoandikwa kuwa ni huduma. Nililipa huku nikitabasamu, kama afanyavyo mtu asiyetaka kuonekana mgeni, na uchungu wake haujanitoka mpaka leo.

Usiku ule ndipo nilipouelewa mji. Kahawa ukiinywa wima kaunta ni euro moja na senti kadhaa, lakini kahawa ileile ukiletewa mezani huweza kupanda maradufu au zaidi. Hata zile ngazi 135 za Piazza di Spagna, tangu mwaka 2019 kuziketia ni kosa la kutozwa faini. Basi nikaapa kutokaa tena, na kuanzia hapo Roma ikawa yangu.

Chakula nilikipata kwenye viduka vya piza ya kukatwa, ambako muuzaji hukata kipande kwa mkasi na kukiweka kwenye mizani, mithili ya nyama buchani, nawe ukala ukitembea. Maji sikununua tena. Mitaani kote kuna mabomba ya chuma ambayo Warumi huyaita nasoni, yaani mapua makubwa, yaliyoanza kuwekwa mwaka 1874, na maji yake hutiririka usiku na mchana, baridi na safi. Yatazame vizuri: mgongoni mwa pua hiyo mna kitundu, na ukiziba mdomo wa chini kwa kidole, maji huruka juu yakakufikia kinywani bila kuinama. Mwenzangu mmoja wa kazini alipoona picha zangu alisema kwamba nimekwenda Ulaya kushangaa mabomba. Sikumjibu, ila yeye alikuwa ameimaliza posho yake kwenye teksi na hakuweza kunitajia mtaa hata mmoja.

Sisi tunaotamani kuiona dunia kwa mishahara hii hii tunapaswa kuacha kuionea haya miguu yetu. Kutoka kituo cha treni cha Termini nilishuka hadi kanisa la San Pietro in Vincoli, nikaitazama sanamu ya Musa ya Michelangelo bila kulipa hata senti, kisha nikaufikia uwanja wa Colosseum, ambao kwa nje nao ni bure, nikaendelea hadi Circo Massimo, uwanja wa kale wa mbio za magari ya farasi. Hapo, mbele ya makao makuu ya FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ndipo uliposimama mnara wa Axum, uliochukuliwa Ethiopia na utawala wa Mussolini mwaka 1937 na kurudishwa kwao mwaka 2005. Jengo lenyewe lilikusudiwa kuwa wizara ya makoloni ya Italia barani Afrika. Wenzangu tuliokuwa nao mafunzoni walipita pale kila asubuhi ndani ya gari. Nilisimama peke yangu kitambo kirefu, na nakiri kwamba nilijisikia mshindi.

Kanga usiisahau, kwa maana kwenye Basilika la Mtakatifu Petro, ambako kiingilio hakuna, mabega wazi hurudishwa mlangoni. Yangu ilinisitiri kanisani na kunikinga jua njiani. Viatu viwe vilivyokwisha kuzoea mguu, kwani mawe ya barabara zile hayana huruma. Na katika euro zako 150 tenga kwanza kodi ya mji, inayotozwa kwa kila mtu kwa kila usiku, ambayo mara nyingi haimo katika bei uliyolipa mtandaoni.

Zitatosha, ndugu yangu. Mimi nilirudi na euro 11, nami najua moja kati ya hizo haikuwa halali yangu. Katika kanisa la San Luigi dei Francesi mna picha tatu za mchoraji Caravaggio ndani ya kikanisa chenye giza, pamoja na kisanduku ambacho ukikitumbukizia sarafu taa huwaka kwa muda mfupi, kisha huzimika. Nilizitazama zote tatu kwa kungojea sarafu za wengine.