Uwakala wa safari bado ni kazi ya kutegemewa? Majibu kwa wasomaji wa Malindi na Lamu

Barua nyingi zilizonifikia kuhusu kazi za utalii hapa Pwani zinarudi kwenye swali moja: je, mtu anayeandalia wengine safari bado ana nafasi wakati kila mwenye simu anaweza kujikatia tiketi? Nimechagua chache na kuzijibu kwa zamu. Nimefanya kazi hii Malindi kwa muda mrefu na ninaipenda, hivyo msomaji asitarajie kwamba naitazama kwa mbali.

Shikamoo. Nimemaliza kidato cha nne hapa Malindi. Baba anataka nisomee uwakala wa safari, lakini rafiki zangu wananiambia kazi hiyo imekwisha kwa sababu watu wanajinunulia tiketi wenyewe. Nimsikilize nani?

Marahaba, mwanangu. Rafiki zako wameona kweli, ila wameona upande mmoja. Kazi iliyokwisha ni ile ya kukaa ofisini, kumuuzia mtu tiketi ya kwenda na kurudi, kisha kungoja shirika la ndege likulipe asilimia fulani ya nauli. Nayo ilianza kudhoofika kabla wengi wetu hatujaijua intaneti. Mnamo Februari 1995 shirika la Delta la Marekani liliamua kwamba kamisheni ya tiketi ya ndani ya nchi, ya kwenda na kurudi, haitazidi dola 50 hata nauli iwe kubwa namna gani, na mashirika mengine makubwa yakafuata. Mwaka uliofuata tovuti ya Expedia ikaanza kuuza tiketi moja kwa moja kwa wasafiri. Ilipofika 2002 Delta hiyo hiyo ikaifuta kamisheni ya msingi kwa mawakala wa Marekani. Nchi hiyo, iliyokuwa na mawakala walioajiriwa zaidi ya 120,000 mwaka 2000, ilibaki na karibu nusu yao miaka kumi na mitano baadaye. Kwetu pia kamisheni imepunguzwa hatua kwa hatua.

Baba yako naye anajua jambo ambalo rafiki zako hawajakutana nalo, kwa kuwa bado ni vijana na safari zao ni nyepesi. Chukua mama wa Malindi ambaye binti yake ameolewa Italia na amemwalika akamwone mjukuu. Familia za namna hiyo hapa kwetu si haba. Anahitaji viza ya Schengen, yaani ya kundi la nchi za Ulaya ambamo Italia imo, ambayo ada yake kwa mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024. Anahitaji bima ya safari inayogharimia matibabu ya yuro 30,000 au zaidi. Ombi lake halipokelewi mapema zaidi ya miezi sita kabla ya safari, wala halipaswi kupelekwa zikiwa zimebaki chini ya siku 15, na lazima afike Nairobi mwenyewe kutoa alama za vidole. Au chukua mgonjwa anayepelekwa India kutibiwa. Akitokea Kenya atatakiwa kuonyesha kadi ya chanjo ya homa ya manjano, nayo huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa; asipokuwa nayo anaweza kuzuiwa karantini siku kadhaa huku daktari anamngoja. Programu ya simu itamuuzia tiketi ya keshokutwa na kupokea fedha zake bila kumuuliza alichanjwa lini. Wakala anayeijua kazi yake huliuliza swali hilo kabla ya kufungua kompyuta.

Kwa hiyo naona umsikilize baba yako, kwa sharti kwamba uingie kazini ukijua unachokiuza ni ujuzi na dhamana. Kozi za Chuo cha Utalii cha Kenya, kilichofunguliwa 1975, na zile zinazotambuliwa na IATA, jumuiya ya mashirika ya ndege duniani, zitakupa msingi wa nauli, ratiba na kanuni. Kisha chagua kundi moja la wasafiri ulifahamu kuliko mtu mwingine yeyote mjini. Hapa Malindi ningekuhimiza pia ujifunze Kiitaliano darasani, uweze kuandika barua na mkataba, kwa sababu kile cha kuokota ufukweni hakitoshi kumtuliza mgeni aliyepotewa na mizigo.

Mimi ni dada wa Lamu, nafanya kazi katika nyumba ya wageni. Ikiwa mashirika ya ndege hayalipi kamisheni kama zamani, wakala analipwa na nani?

Dada yangu, wewe uko mahali pazuri pa kuliona jibu. Kamisheni haikufa, sehemu kubwa ilihamia mifuko mingine. Nyumba ya wageni ikiuza chumba kupitia Booking.com, kampuni ya Uholanzi iliyoanzishwa mwaka 1996, hukatwa kwa wastani karibu asilimia 15. Chumba cha Shela cha shilingi 10,000 kikipata mgeni kwa njia hiyo, shilingi 1,500 hivi zinakwenda Ulaya kila usiku anaolala. Siwalaumu wenye nyumba, kwa maana tovuti hizo huwaletea wageni ambao wasingewapata. Lakini mwenye nyumba anayelipa kiasi hicho bila kunung'unika hana sababu ya kukunja uso wakala wa hapa Pwani anapoomba kiasi kama hicho, hasa kwa vile wakala ndiye atakayepigiwa simu mgeni akikwama gatini Manda na boti haijafika.

Fungu la pili la mapato ya wakala, baada ya kamisheni, ni tofauti ya bei. Wakala hupewa na hoteli, wenye boti na wenye magari bei ya jumla, akaviunganisha kuwa safari moja na kuiuza kwa bei yake. Fungu la tatu ni ada ya huduma anayolipa msafiri, na hili ndilo mawakala wengi wa Pwani hulionea haya. Wanaificha ndani ya nauli, mteja akija kuiona bei ya tiketi kwenye simu yake anajiona ameibiwa, na imani inavunjika. Ni bora umwambie waziwazi: nauli ni hii, ada yangu ni hii, nayo ni kwa ajili ya kazi hizi na hizi, na ndege ikiahirishwa usiku nitapokea simu yako. Asiyetaka kulipa atakwenda zake kwa amani. Atakayebaki anajua amelipia nini.

Assalaam alaikum. Mimi na mke wangu tumeweka akiba ya Hija kwa miaka mingi. Kijana mmoja hapa Lamu atwambia aweza kutupeleka kwa bei nafuu kwa viza ya matembezi, na kwamba mawakala wa Hija ni wa kutuongezea gharama tu. Mwatushaurije?

Wa alaikum salaam, baba yangu. Msikubali. Viza ya matembezi haimruhusu mtu kuhiji, na anayewauzia safari hiyo anawauzia hatari.

Hija ya mwaka 2024 ilitupa ushahidi wa kutosha. Joto la Makka lilipita nyuzi 50, na serikali ya Saudi Arabia ilitangaza vifo 1,301, ikisema kwamba asilimia 83 ya waliofariki hawakuwa na kibali cha Hija. Mtu asiye na kibali hana hema lenye kiyoyozi Mina wala Arafa, wala hana nafasi katika mabasi. Anatembea kwa miguu juani, na wengi wao walikuwa wazee. Nchini Misri serikali iliamuru kampuni 16 za utalii zinyang'anywe leseni kwa kuwapeleka watu kwa njia hiyo. Kwa hiyo mkiambiwa bei ni nafuu, ulizeni kilichopunguzwa ni nini, maana mara nyingi kilichopunguzwa ndicho kinachomlinda hujaji.

Kuhusu madai kwamba wakala ni gharama tupu, kuna nchi iliyojaribu kumwondoa. Mwaka 2022 Saudi Arabia iliwataka mahujaji wa Ulaya, Marekani na Australia wajiandikishe moja kwa moja kwenye tovuti iliyoitwa Motawif. Wengi walilalamika kwamba fedha zimelipwa na nafasi hazionekani, au tiketi zimechelewa hadi siku za mwisho, nao hawakuwa na ofisi ya kuiendea. Tovuti hiyo ikaachwa, ikaja Nusuk, ambayo ina mpangilio mzuri zaidi. Hata hivyo mzee anayekwenda kwa mara ya kwanza anahitaji mtu anayeijua lugha, anayezijua ibada, na anayejua ni nani katika kundi ana kisukari na dawa zake zimewekwa wapi. Tovuti haiwezi kubeba jukumu hilo.

Fanyeni hivi. Ulizieni kwa wasimamizi wa Hija wa Waislamu wa Kenya kama wakala mnayemfikiria ameidhinishwa kwa mwaka huo huo mnaotaka kwenda, kwa sababu idhini ya zamani haitoshi. Takeni mkataba wa maandishi unaotaja umbali wa makazi yenu kutoka Haram, yaani Msikiti Mtukufu wa Makka, hema la Mina, chakula, na masharti ya kurudishiwa fedha iwapo mmoja wenu ataugua kabla ya safari. Lipeni kwa njia inayoacha risiti. Chanjo ya homa ya uti wa mgongo mchanjwe angalau siku 10 kabla ya kufika Saudi Arabia.

Nami naomba vijana wa Lamu wanaosoma ukurasa huu walitafakari jambo hili kwa upande wa kazi. Mji wenye misikiti mikongwe, wenye watu waliosoma, na unaopokea wageni wa Maulidi kila mwaka, una vijana ambao wazee wao tayari wanawaamini. Hiyo ni rasilimali ambayo kampuni kubwa ya Nairobi hainunui kwa fedha. Kijana mwenye elimu ya dini, Kiarabu kizuri na mafunzo ya uwakala anaweza kujenga kazi ya maisha katika Hija na Umra, na akawa pia anafanya jambo la kheri.

Mimi ni kijana wa ufukweni Malindi. Nawapeleka wageni kwenye hifadhi ya bahari na magofu ya Gede. Naweza kujiita wakala?

Ndugu yangu, kazi ya kupata wageni na kuwatimizia safari unaifanya tayari. Kilichobaki ni kuihalalisha. Chini ya Sheria ya Utalii ya 2011, wakala wa safari na mwenye kuendesha matembezi ya watalii wote wanatakiwa kuwa na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii. Ithibati ya IATA si lazima kwa kuanza. Mara nyingi inadai dhamana ya fedha ambayo ofisi changa haiimudu, na ukipata mteja wa tiketi unaweza kuichukua kwa wakala mkubwa aliyeidhinishwa mkagawana faida. Ungana na wenzako watatu au wanne mnaoaminiana, msajili biashara moja, mtoe risiti, na muandike majina ya wageni wenu na mwezi waliokuja. Mgeni aliyefurahi Malindi hutaka kurudi, na akirudi atamtafuta mtu aliyemwandikia.

Je, akili bandia haitaimaliza kazi hii kabisa?

Itaimaliza sehemu ya kupanga ratiba na kulinganisha bei, na sioni sababu ya kuigombania sehemu hiyo, itumieni. Lakini mgeni wa Lamu anatua Manda, anavuka kwa boti, na mjini hakuna barabara ya gari la kumfikisha mlangoni. Siku kusi inapovuma kwa nguvu mtu fulani lazima aamue kama mama mwenye mtoto mchanga avuke sasa au angoje, na awe tayari kuulizwa akikosea.

Nina akiba kidogo niliyoipata kwa kushona, na binti yangu amehitimu utalii. Nimfungulie ofisi ya uwakala Malindi?

Mama yangu, hapa nitakuwa mkali kidogo, kwa sababu ni akiba yako. Biashara hii huangushwa na mambo yasiyotoka kwa mwenyewe. Mnamo Mei 2014 kampuni za Uingereza ziliwaondoa watalii wao Mombasa baada ya onyo la kiusalama la serikali yao, na mwezi uliofuata yakatokea mashambulizi ya Mpeketoni. Pwani nzima iliumia, pamoja na miji iliyokuwa salama. Tarehe 25 Machi 2020 Kenya ilisimamisha ndege za abiria za kimataifa kwa sababu ya korona, na hazikuruhusiwa tena hadi tarehe 1 Agosti. Hata mwaka wa amani una miezi ya masika ambapo hoteli nyingi za Malindi na Watamu hufunga milango. Wala ukubwa si kinga: Thomas Cook, kampuni ya utalii ya Uingereza iliyokuwa na miaka 178, ilianguka Septemba 2019 ikaacha Waingereza karibu 150,000 nje ya nchi yao, na wenye hoteli wa nchi nyingi wakibaki wanaidai.

Kwa hiyo usianze na ofisi. Binti yako aajiriwe kwanza kwa wakala mwenye leseni, ajue mikataba na wateja, hata kama mshahara wa mwanzo ni mdogo. Atakapojitegemea aanze na meza moja na simu, na awe na wateja wa aina mbili wasioumia kwa wakati mmoja, mfano watalii wa Ulaya na wenyeji wanaokwenda Umra au matibabu, ili mmoja akikosekana mwingine abaki. Na hili msilivunje hata kidogo: fedha za wateja ziwe na akaunti yake, mbali na kodi ya nyumba na karo, mpaka tiketi itolewe na chumba kilipwe. Mawakala wengi waliopoteza jina hapa Pwani hawakuwa wezi. Walilipia safari ya leo kwa fedha za mteja wa mwezi ujao, na mwezi ujao wateja hawakuja.