Mama anarudi hoi, simu inasema hakutembea

SWALI: Habari za kazi. Mama yangu ana miaka 58 na anaanika dagaa Kibirizi. Kiuno na magoti vinamsumbua, huu ni mwaka wa tatu. Mtaalamu wa fiziotherapia anataka tupime shughuli zake za kila siku kabla hajampangia mazoezi. Nimempa simu yangu ya zamani yenye programu ya kuhesabu hatua, lakini kuna siku anarudi hoi na simu inaonyesha hatua 900. Kosa liko wapi?
Msomaji, Ujiji

JIBU: Pole na kuuguza. Kwanza tuulize simu ilikaa wapi mchana kutwa. Kama ilikuwa kwenye kikapu, mmepima safari za kikapu. Hata ikiwa mwilini, programu hizi huhesabu mtikisiko, na mtu anayeumwa magoti huburuta miguu polepole, kwa hiyo hatua zake nyingi hazisikiki. Saa ya mkononi nayo hukosea kwa namna nyingine: akitwanga sombe, mapigo ya mchi yanaweza kuandikwa kama hatua. Bodaboda kwenye barabara ya mashimo vilevile.

Mshonee kimfuko cha kitambaa, akifunge kiunoni chini ya kanga, usawa wa nyonga, upande uleule kila siku. Kisha kijaribuni. Soma namba, atembee hatua 100 kwa mwendo wake wa kawaida mkihesabu kwa mdomo, usome tena. Ikiongezeka kati ya 90 na 110, inafaa. Ikiongezeka 60 tu, kaza kimfuko mrudie. Ikigoma, achaneni na hatua, mpime dakika anazotembea.

Lakini hata simu ikihesabu sawasawa, haioni kuinama. Kugeuza dagaa kwenye chanja saa nzima, au kusimama na beseni kichwani, ni hatua chache mno, na huko ndiko kiuno kinakoumia. Kwa hiyo fungueni daftari: kazi aliyofanya, dakika ngapi, aliinama au alibeba, na maumivu kwa alama 0 hadi 10, jioni na asubuhi inayofuata. Usiiache alama ya asubuhi, maana kazi ya leo mara nyingi huuma kesho. Andikeni jioni hiyohiyo. Mkisubiri Jumapili, siku moja ya maumivu makali itafunika kumbukumbu ya wiki yote.

Pimeni siku 7, za kazi na za mapumziko, bila kubadilisha chochote. Siku ambayo kimfuko kilivaliwa chini ya saa 10, iondoeni kwenye hesabu. Siku ya kwanza pia muitazame kwa tahadhari, kwa sababu mtu akijua anapimwa hujitutumua.

Mtakachotafuta hasa ni mpishano. Tuseme mmepata 6,200, 1,400, 1,100, 5,800, 1,300, 1,600 na 3,600. Jumla ni 21,000, wastani 3,000. Ukiutazama wastani peke yake utaona mtu mtulivu, kumbe kuna siku mbili za kujimaliza na siku za kulala zinazozifuata. Huyo asianze na hatua 6,000. Aanze chini kidogo ya wastani wake, tuseme 2,400, siku njema na siku mbaya, na kazi ya chanja aikate vipande vya dakika 15 akinyoosha mgongo katikati. Mpelekeeni mtaalamu daftari lenyewe, lisiwe na namba za mwisho tu.

Miguu ikilegea ghafla, ganzi ikiingia katikati ya mapaja au mkojo ukashindwa kuzuilika, acheni kupima, mwende hospitali siku hiyohiyo.

Baada ya wiki mbili bila maumivu ya asubuhi kupanda, ongezeni hatua 200 hivi. Yakipanda alama 2 au zaidi kwa siku mbili mfululizo, rudini kwenye kiwango cha nyuma.