Kitambaa ya katikati ya meza na fetrini, kwa kuleri ya Septemba yetu

Bamama na badada benye munapenda kazi ya mikono, mwezi wa Septemba unakaribia na mi napenda tuzungumuze juu ya zile vitambaa ndefu za katikati ya meza, zenye majani na ndege na maboga, Bazungu banazishona na fetrini wakati wa otone, ile musimu yenye majani inaanguka kwao. Wengi wanaziangalia ku telefone wanapita, ati sisi hatuna otone. Ni kweli, kule majani inaacha kijani, inakuwa manjano na nyekundu, inaanguka. Lakini huku Lubumbashi toka kidogo nje ya mji mbele mvua haijaanza, angalia pori ya miombo: majani mapya inatoka nyekundu, ingine rangi ya shaba kabisa, kiisha njo inakuwa kijani. Kuleri ni ile ile, kwao majani inakufa, kwetu inazaliwa. Juu ya ile mi sishauri mutu akopie jani ya mwaloni yenye hajapata kuona, okota jani ya muti yenye iko karibu na kwenu, ilaze ku karto, chora, kata, una patro, njo mufano ya kukatia.

Fetrini haifumwe sawa kitenge, ni manyoya yenye ilifinywa pamoja mpaka ikashikamana, njo maana ukikata haitoe nyuzi pembeni na hauna lazima ya kukunja pindo. Ku maduka unapata zaidi ile ya plastiki, bei nafuu, rangi mingi, inafaa kwa kuanza lakini pasi ya moto inaiyeyusha. Mi napendelea fetrini ya sufu, na ile unaweza kuitengeneza mwenyewe: tafuta ku mitumba, ku soko ya Kenya ya hapa Lubumbashi ao fasi ingine, triko nzito yenye etiketi inasema 100 % laine, njo sufu tupu (akriliki achana nayo, haitageuka), uifue na maji ya moto sana na sabuni, sugua kwa nguvu mpaka inasinyaa, inanenepa, na hauone tena mistari ya kufuma. Bale bamama ba Marekani wa karne ya 19 walifanya hivyo na nguo za sufu zenye zilichakaa, walizunguusha kalamu ku senti ya pesa wakakata viduara wakavishona moja juu ya ingine, na mpaka leo viduara ile inapendeza sana ku ncha mbili za kitambaa.

Vipimo: kama meza ina metre 1.20, kata metre 1.50 na upana wa sentimetre 35, itaning'inia vizuri pande zote. Chini weka rangi ya giza, nyeusi ao kahawa, nyekundu na machungwa zitang'aa zenyewe.

Sanaa ya vijiji vya Poloni na Hungaria inapenda ulinganifu, ua katikati, ndege wawili wanaangaliana, na kuleri zenye zinarudi rudi. Fuata ile kanuni lakini weka vitu vyetu. Mi naweka ile musalaba ya shaba ya Katanga, yenye bankambo walitumia sawa pesa, naikata ku fetrini ya rangi ya shaba, naizunguusha na majani, na maua ya jakaranda ya zambarau kidogo tu juu ile nayo inachanua Septemba. Panga yote mezani mbele ya kushona, iache mpaka kesho, uirudilie na macho mapya.

Sasa sindano, na hapa njo napenda usikimbize. Shona kwanza vipande vidogo juu ya vikubwa ukivishika mu mikono, kiisha njo vikubwa ku kitambaa. Kole usiweke, sindano inakwama na alama inabaki, tumia pini. Ponti ni festoni, ile bamama wengi walijifunza ku fwaye sosiale, fasi ya kufundishia bamama kazi ya mikono. Uzi wa kudarizi una nyuzi 6 ndani, tenganisha utumie 2 ao 3. Toa sindano pembeni kabisa ya jani, iingize ndani ya jani milimetre 5 hivi, itoke tena pembeni, na mbele ya kuvuta pitisha uzi chini ya ncha ya sindano. Vuta mpaka uzi unalala tu, ukikaza jani inajikunja. Ukifika ku ncha ya jani fanya kaponti kadogo pale pale kuifunga, bila ile, pembe inalegea na jani lote linaonekana limechoka. Na shona na mwanga wa jua, uzi wa giza ku kitambaa ya giza usiku unakudanganya.

Chini ya kitambaa yote shonea kitenge ya zamani, inaficha mafundo. Kufua ni maji baridi tu bila kukamua, ikaukie kivulini ikiwa imelala. Ile vumbi nyekundu ya mwisho wa kipwa (kiangazi) hauna hata haja ya kuifua, kung'uta nje asubuhi inatosha.